Mshipa wa jicho uliokufa: je, unaweza kupandwa upya?



Mwezi uliopita baba mmoja aliingia katika dispanseri yetu, bibi yake akimshika mkono. Wengi wenu mnamjua, kwa hiyo sitataja jina lake. Alikuwa shofere wa kamyo kubwa za machimbo kwa miaka mingi, na sasa yuko katika pensioni. Aliketi, akatoa mfukoni simu ya mtoto wake, akaiweka juu ya meza na kusema: «Munganga, soma hapo. Wanapanda seli mpya ndani ya jicho, na kipofu anaona. Nikiuza parseli yangu, feza itatosha. Wewe uniambie tu: niende?»

Mimi si munganga, ni msaidizi wa munganga, lakini nimechoka kusahihisha watu. Nilisoma. Lilikuwa tangazo la kliniki moja ya ng'ambo. Lilisema kwamba «seli-shina» zinaponyesha glokoma, ugonjwa wa sukari, maumivu ya magoti na kupooza, vyote kwa sindano ya namna moja. Bei yake ilikuwa bei ya nyumba nzima, na nauli ya ndege ilikuwa haijahesabiwa.

Bibi yake hakusema neno. Alikuwa akiniangalia usoni.

Sikumjibu palepale. Nilitafuta kwanza kadi yake ya zamani. Ndani yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ilikuwa imeandikwa miaka minne iliyopita: jicho la kuume 31, jicho la kushoto 28. Nitarudi kwenye kadi hiyo, hata kama inaniaibisha. Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe, kisha juu ya hizo seli, maana katika tangazo lile kulikuwa na ukweli na uongo pamoja, vimechanganyika kama shaba na udongo.

Maji yanayoingia na maji yanayotoka

Ndani ya jicho, nyuma ya kioo chake cha mbele, mna maji safi. Siyo machozi, machozi hukaa nje. Maji haya hutengenezwa ndani ya jicho usiku na mchana, kidogo kidogo, karibu tone moja kila dakika 20. Hulisha sehemu za jicho zisizo na damu, halafu hutoka kwa kichujio kidogo kilicho pembeni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe.

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo hunihitaji nikueleze mengi. Maji huingia shimoni kila saa, na kila saa lazima yatolewe. Njia ya kutokea ikiziba, maji hupanda. Ndivyo ilivyo katika jicho. Kichujio kikiziba polepole, maji yanaendelea kutengenezwa, lakini hayana pa kwenda. Na jicho ni kama mpira uliofungwa, haliwezi kufurika. Basi nguvu ya maji hupanda na kusukuma pande zote, na fasi inayoumia ni nyuma kabisa, pale mshipa wa fahamu unapotoka katika jicho kwenda kwenye ubongo.

Nguvu hiyo tunaipima kwa milimita za zebaki, kama tansio ya damu. Lakini ni vitu viwili mbalimbali: mtu mwenye tansio nzuri ya mkono anaweza kuwa na jicho gumu kama jiwe la mto. Kwa kawaida jicho huwa kati ya 10 na 21. Wako watu ambao mshipa wao huharibika hata kama namba iko chini ya 21, na wako wengine wenye 24 ambao mshipa wao ni mzima. Kwa sababu hii munganga wa macho hatosheki na namba. Huangalia pia ndani, mpaka nyuma, aone kama kichwa cha mshipa kimeanza kuchimbika katikati kama sahani ya bukari iliyoliwa katikati na kuachwa pembeni.

Mshipa ule ni kama kabli yenye nyuzi karibu milioni moja. Glokoma inaua nyuzi hizo moja moja, na mara nyingi huanza na zile zinazoleta habari za pembeni. Hakuna maumivu. Hakuna wekundu. Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika: mgonjwa haoni giza wala doa jeusi. Vitu vya pembeni havipo tu, na ubongo hujaza nafasi ile kama fundi anayeziba ufa kwa rangi. Anasoma kadi yake ya kazi vizuri, anatambua uso wa mkubwa wake kutoka mbali, anasema macho yake ni mazima.

Yule baba yetu aliniambia kwamba katika miaka yake miwili ya mwisho kazini aligonga kioo cha pembeni cha kamyo mara mbili, katika maegesho aliyokuwa ameyazoea kwa miaka 10. Kapita aliandika «uzembe», naye mwenyewe alisema ni jua. Hakukuwa na uzembe wala jua. Ufikirie, msomaji: kamyo inayobeba tani 100, na mtu mwenye miguu amesimama upande ambao shofere hauoni, wala hajui kwamba hauoni.

Kwa dunia nzima, watafiti walikadiria kwamba watu karibu milioni 76 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2020, na kwamba mwaka 2040 watakuwa karibu milioni 112. Kati ya magonjwa yanayopofusha bila kurudi nyuma, huu ni wa kwanza. Sisi watu weusi wa Afrika unatushika zaidi kuliko wengine, tena mapema zaidi. Hata katika nchi tajiri karibu nusu ya wagonjwa hawajui kama ni wagonjwa.

Usichanganye na katarakti, yaani mtoto wa jicho. Katika katarakti ni kioo cha ndani kilichopata ukungu. Munganga anakitoa, anaweka kingine, na nkambo aliyekuwa akiongozwa na mjukuu anarudi nyumbani peke yake. Watu wameona jambo hilo, wanafikiri upofu wote ni hivyo. Katika glokoma kioo ni kizima. Kilichokufa ni kabli.

Jiwe, moto wa kusude, na kichupa cha sokoni

Anayepaswa kupimwa kwanza ni yule ambaye baba, mama, kaka au dada yake ana glokoma au alipofuka polepole bila sababu kujulikana. Halafu kila mtu aliyepita miaka 40, na yule asiyeona mbali.

Lakini kwa sisi wa machimbo kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni pigo. Kipande cha jiwe au chuma kikikupiga jichoni, wekundu utapita, utarudi kazini, utasahau. Kichujio kile kidogo kinaweza kuwa kimepasuka ndani, na nguvu ya maji ikapanda baada ya miezi, hata baada ya miaka. Kama uliwahi kupigwa jichoni, hata zamani, uliseme siku ya kupimwa.

La pili linanikasirisha, nitalisema wazi. Ninyi masudere, mafundi wa kuunga chuma, mkifanya kazi bila maski usiku mnalia macho kama yamejaa mchanga. Ni kidonda cha juu juu kilicholetwa na mwanga, na kwa kawaida kinapona chenyewe kwa siku moja au mbili kama ukipumzisha jicho. Mnafanya nini? Wengine hutia maziwa ya mama anayenyonyesha, ambayo yanaweza kuingiza vijidudu. Wengine hununua sokoni kichupa cha matone ya deksametazone. Jicho linatulia asubuhi, naam, maana dawa ile ina nguvu. Basi kila wiki kichupa, kila mwezi kichupa. Dawa hiyo, ikitiwa siku nyingi bila munganga, inapandisha nguvu ya maji ndani ya jicho kwa watu wengi, na inaweza kuleta glokoma kwa kijana wa miaka 25. Nimeona vichupa vitatu katika sanduku moja la vyombo. Soma jina kwenye kichupa. Ukiona «dexa» mbele ya jina, kilete dispanseri kabla ya kukitumia.

Shina linalochipuka

Sasa tuje kwenye tangazo. Seli-shina ni nini?

Tazama msitu wetu wa miombo. Mchoma makala anakata mti, panabaki shina fupi juu ya udongo, kavu, limekufa kwa macho yetu. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikirudi, lile shina linachipuka. Kutoka fasi moja hutoka matawi na majani. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana, na nyingi kati yake zimekwisha kuchagua kazi: ya ngozi ni ya ngozi, ya ini ni ya ini. Lakini ziko chache zilizobaki kama shina. Zinaweza kujigawa na kuchipusha seli za kazi nyingine. Hizo ndizo seli-shina.

Zimekwisha kuponyesha watu, na tangu zamani. Ndani ya mifupa mikubwa mna uboho unaotengeneza damu, na uboho umejaa seli-shina. Munganga E. Donnall Thomas wa Marekani alianza mwaka 1957 kutia uboho wa mtu mmoja katika mwili wa mwingine, na mwaka 1990 akapewa tuzo ya Nobel. Leo watu wenye saratani ya damu wanaishi kwa njia hiyo.

Na katika jicho? Hapa nawaomba watu wa asidi na chokaa wasikilize vizuri. Juu ya mpaka wa weusi na weupe wa jicho kuna seli-shina zinazofanya upya ngozi nyembamba ya kioo cha mbele. Asidi au chokaa ikiunguza mpaka huo, seli hizo zinakufa, na kioo kinafunikwa na ngozi nyeupe yenye mishipa ya damu. Watafiti wa Italia, Graziella Pellegrini na Michele De Luca, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu anaweza kuchukua kipande kidogo, cha milimita moja au mbili, kutoka katika jicho lililobaki zima, kukikuza katika chombo mpaka kiwe utando, na kukipanda katika jicho lililoungua. Mwaka 2015 wakubwa wa dawa wa Ulaya waliruhusu matibabu hayo. Wako watu walioungua kwa chokaa ambao leo wanaona kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nilimwambia baba: seli-shina si uongo. Nilimwona akiinua kichwa. Ilinibidi niendelee upesi.

Kabli iliyokatika

Ngozi ya mbele ya jicho ni kazi rahisi, kama kupanda majani mbele ya nyumba: seli hukaa hapo, zinaenea, zimemaliza. Mshipa wa jicho ni kitu kingine kabisa. Ufikirie kabli ya nyuzi milioni moja iliyokatika shimoni, na nyuzi zote zina rangi moja. Seli mpya lazima kwanza iishi ndani ya jicho ambalo siyo nyumbani kwake. Lazima ishikane na seli za jirani zinazopokea mwanga. Lazima itoe uzi wake, uzi uingie katika tundu la nyuma ya jicho, usafiri karibu sentimita tano mpaka pale mishipa ya macho mawili inapokutana, uchague upande, uendelee ndani ya ubongo, na ufike hasa mahali pake, si pa jirani. Uzi mmoja hautoshi; zinahitajika elfu nyingi. Na kama maji bado yamezuiwa, nguvu ileile iliyoua nyuzi za kwanza itaua na hizi za pili.

Watu wenye akili kubwa wako kazini juu ya jambo hilo. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa mtu, kwamba seli ya ngozi iliyokwisha kuchagua kazi inaweza kurudishwa nyuma iwe kama shina tena. Alipewa Nobel mwaka 2012 pamoja na Mwingereza John Gurdon. Mwaka 2014, katika mji wa Kobe, munganga Masayo Takahashi na wenzake walitengeneza kwa seli za ngozi za mama mmoja mzee utando mdogo, wakaupanda nyuma ya jicho lake. Mama huyo hakuona vizuri zaidi kuliko mbele, lakini upofu wake haukuendelea. Nao haukuwa wa glokoma. Ulikuwa ugonjwa wa tabaka lingine la jicho.

Juu ya glokoma yenyewe kuna njia mbili. Moja ni kutengeneza kichujio. Mwaka 2016 watafiti wa Iowa, Marekani, walitia seli za namna hii katika macho ya panya wenye kichujio kibovu, na nguvu ya maji ikashuka. Njia hii mimi naipenda zaidi, maana kuzibua mfereji ni kazi ndogo kuliko kuunga kabli. Njia ya pili ni ya mshipa. Kule London mwaka 2012 watafiti walitoa seli katika macho ya watu waliokufa, wakazitia katika macho ya panya, na macho yale yakaanza tena kuitika mwanga hafifu, kidogo. Mwaka 2023 wale wa Boston walipata njia ya kuziita seli zilizopandwa zisogee mpaka katika tabaka lao, kwa kutumia vitu ambavyo mwili wenyewe hutumia kuongoza seli. Ni hatua nzuri. Lakini ni panya.

Na watu? Katika Brazili waganga walijaribu kwa watu wawili wenye glokoma iliyokwisha kuharibu sana, wakatia ndani ya jicho moja la kila mmoja seli kutoka katika uboho wake mwenyewe. Walitoa habari mwaka 2021, bila kuficha. Hakuna aliyeona zaidi. Mmoja alipata hatari, tabaka la nyuma la jicho likabanduka, nao wakasimamisha kazi. Nawaheshimu watu wale: walijaribu kwa wawili, jicho moja moja, walipoona ubaya wakasimama, wakaandika ili wengine wajue.

Mpaka leo, basi, hakuna nchi ambayo wakubwa wake wa dawa wameruhusu seli-shina kuwa matibabu ya glokoma. Mwenye kuiuza anauza kitu ambacho bado hakijaonyeshwa kuwa kinaponyesha.

Wamama watatu wa Florida

Hapo baba alisema: «Lakini nikiwa tayari napofuka, napoteza nini?»

Nilimsimulia habari ya Florida. Mwaka 2015, katika kliniki moja ya kule Marekani, wamama watatu wenye umri kati ya miaka 72 na 88 walilipa dola 5.000 ili watiwe seli-shina machoni. Ugonjwa wao haukuwa glokoma, lakini dawa ilikuwa ya jamaa moja na ile ya tangazo la baba. Walitolewa mafuta ya tumbo, seli zikachujwa humo, zikadungwa katika macho yote mawili, siku moja. Walipokuja walikuwa bado wanaona, mmoja hata vizuri. Baada ya siku chache damu ilimwagika ndani ya macho, nguvu ya maji ikapanda, matabaka yakabanduka. Mwaka mmoja baadaye wote walikuwa wameharibikiwa vibaya, na mmoja hakuona hata mwanga. Waganga waliowapokea waliandika habari hiyo mwaka 2017 katika gazeti kubwa la uganga la Marekani. Baadhi ya wamama hao walifikiri wameingia katika utafiti wa kweli, kwa sababu jina la kazi ile lilikuwa katika orodha ya tafiti.

Utafiti wa kweli haukulipishi sindano ya kujaribiwa. Haugusi macho mawili siku moja, maana kama la kwanza likiharibika ubaki na la pili. Na haujisifu kwamba sindano ileile inaponyesha jicho, sukari na goti.

Halafu nikamjibu swali lake. Jicho la kuume la baba linaona tu mkono ukipungwa. Lakini la kushoto bado linaona, kama mtu anayetazama ndani ya bomba. Kwa bomba hilo anaona uso wa bibi yake, anajua noti za franka, anafika mwenyewe kwenye choo usiku. Hicho ndicho angepoteza.

Bibi yake alisema neno la kwanza: «Umesikia?»

Kadi

Sasa nirudi kwenye kadi. Miaka minne iliyopita namba zake zilikuwa 31 na 28, na nyuzi nyingi za mshipa zilikuwa bado hai. Alipewa na munganga matone ya timolol. Mimi ndiye niliyemkabidhi kichupa, kulikuwa na watu wengi mlangoni, nikasema: «Asubuhi moja, jioni moja, rudi kikiisha.» Sikumwambia kwamba dawa hiyo haitamfanya aone zaidi. Yeye alitia mwezi mmoja, akaona vilevile, akasema dawa haina nguvu, akaacha. Mtu mwenye akili yoyote angefanya hivyo. Dawa isiyoleta badiliko lolote, na ugonjwa usioumiza, nani ataendelea miaka minne?

Kwa hiyo nakuambia wewe sasa neno ambalo sikumwambia yeye. Matone ya glokoma hayarudishi kitu. Yanashusha nguvu ya maji, basi. Yanalinda nyuzi zilizobaki. Ukitia dawa miaka 10 na macho yako yakabaki vilevile kama leo, dawa imefanya kazi yake yote.

Namna ya kutia: nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja tu, halafu funga jicho na ubonyeze kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa muda wa dakika mbili, ili dawa isiteremke kooni. Kama una dawa mbili, ngoja dakika tano kati yao. Timolol inaweza kubana kifua na kupunguza mapigo ya moyo. Mwenye pumu, au yule ambaye vumbi limekwisha kuharibu mapafu yake, aseme kabla ya kuipokea. Iko dawa nyingine, latanoprost, inayotiwa mara moja tu, jioni. Iko pia operesheni ya kufungua njia mpya ya maji, ambayo waganga wanaifanya tangu miaka ya 1960.

Na iko lasa, mwanga unaopigwa kwenye kichujio bila kupasua jicho. Kule Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, wagonjwa waligawanywa, wengine wakapewa lasa, wengine timolol. Habari ilitolewa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, lasa ilikuwa imefaulu katika macho 61 kwa kila 100, timolol katika 31. Mtu wa machimbo mwenye posti ya usiku, anayesahau kichupa chake nyumbani, aulize munganga wa macho kama lasa inamfaa. Jambo hili si ndoto ya kesho kama seli-shina. Limekwisha kufanyika Afrika, kwa watu kama sisi.

Baba hakuuza parseli. Sitasema alikuwa na furaha. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza: «Na mtoto wangu?»

Mtoto wake ana miaka 38, anafanya kazi kwenye mashine ya kuponda mawe. Alikuja siku tatu baadaye, bado amevaa kasko, akisema haumwi na kitu. Namba zake zilikuwa 26 na 24. Munganga wa macho aliangalia: mshipa umeanza kuchimbika, lakini pembeni bado anaona karibu kote. Ameanza matone. Wanakaa nyumba moja, na siren ya posti ya kwanza ikilia asubuhi, baba anaita jina lake; siren ya jioni ikilia, anaita tena, kila mmoja na kichupa chake. Wiki iliyopita nilipima tena. Baba 17 kwa jicho la kushoto. Mtoto 18 na 17.

Katika dispanseri yetu tunapima macho kila Jumatano, mbele ya posti ya mchana. Haiumi na haichukui dakika tano. Njoo na kadi yako ya kazi, na vichupa vyote vya macho ulivyo navyo nyumbani. Kama mzazi wako alipofuka, au kama jiwe liliwahi kukupiga jichoni, anza na neno hilo.